Ujumbe Uliokimbizwa

Makhanu hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na kitabu cha mashine aliyoachiwa, wala mtu wa kumuuliza. Simu haikufika kwao Navakholo. Alikuwa na redio ya kanisa, iliyounganishwa na kompyuta kuukuu kupitia mashine hiyo ya kugeuza herufi kuwa sauti, na watu waliomwamini.

Alhamisi moja mwaka 1996, Pascalia alimjia macho yamevimba.

"Baba Elvis ametuacha. Mwambie Elvis huko Lodwar tunazika Jumamosi. Yeye ndiye wa kutupa udongo wa kwanza."

Makhanu alimhurumia. Akaongeza kasi ya mashine mara nne, ili ujumbe uwahi. Taa iliwaka, akadhani umefika.

Jumamosi walimngoja Elvis mpaka jua likapoa. Udongo wa kwanza aliutupa mpwa wa marehemu.

Jumanne alifika Risper, fundi wa redio za kanisa. Alikuja na habari kwamba Lodwar walikuwa wamepokea herufi zisizosomeka.

"Mzee, nani alikuambia uikimbize?"

"Huruma."

"Huruma haijui redio. Taa inaonyesha umesema, haionyeshi umesikika." Akavuta kiti. "Sauti isiyobadilika haibebi neno. Mashine huibadilisha, juu, chini, ndipo herufi zipatikane. Ikibadilishwa polepole, mawimbi yanakaa mahali pembamba. Ikibadilishwa haraka, yanatanuka pande zote mbili. Redio hii imepewa nafasi nyembamba, na kinachozidi inakikata. Kikikatwa, herufi zinaingiliana."

"Kama mkokoteni wa miwa kwenye njia ya miguu?"

"Karibu. Ila mkokoteni haupanuki ukikimbia. Huu wako unapanuka."

Makhanu aliirudisha kasi ya zamani, akatuma tena habari ya msiba, pamoja na ya mazishi. Lodwar wakajibu kwamba kila neno limesomeka. Tangu siku hiyo hakuna ujumbe wake ulioharibika.

Kesho yake lilikuja jibu la Elvis. Makhanu alimsomea Pascalia.

"'Mmemzika baba bila mimi. Sirudi tena nyumbani.'"

"Soma tena."

Akasoma tena. Pascalia akakaa kwenye benchi.

"Mama Elvis, hili niachie mimi," Makhanu alisema.

Akachukua karatasi, maana haya hayakuwa ya kusomwa na watu wa redio. "Elvis mwanangu, mama yako aliniletea habari Alhamisi. Aliyeziharibu ni mimi." Akaeleza kila kitu, kasi na nafasi, bila kujitetea.

"Andika pia kitanda cha baba yake hakijaguswa," Pascalia alisema. "Kinamngoja."

Akaandika. Akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja, wakaenda pamoja posta. Pascalia ndiye aliyeitumbukiza sandukuni.