Gari Jeupe la Stoo ya Mahema

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Wino aliinama kitandani kwa mdogo wake na kumwekea sikio mgongoni. Kifua kikiwa kinapiga mluzi, alimwita mama. Kikiwa kimetulia, alifungua dirisha ili upepo wa mlimani uingie chumbani. Ilikuwa wiki ya tano sasa tangu wahamie, na kila siku alifungua dirisha.

"Babu, umeamkaje?" aliuliza.

"Mzima, mjukuu wangu," mdogo wake alijibu, akijikaza kuifanya sauti iwe nzito.

Babu alikuwa na miaka minne tu. Jina hilo lilimganda kule mjini walikotoka, kwa sababu alikuwa akikohoa kama mzee. Wino, mwenye miaka kumi na miwili, naye alipewa jina lake na baba, siku alipokuwa mdogo akatumbukiza mikono yote miwili ndani ya kopo la wino kiwandani. Baba alikuwa mpiga chapa. Alijua kuendesha mashine kubwa za kuchapia vitabu, na alikuwa na uwezo wa kutambua kwa sauti tu kwamba karatasi itakwama.

Nyumba yao ya zamani ilikuwa karibu na kiwanda cha saruji. Vumbi liliingia hadi ndani ya kabati la nguo. Baada ya Babu kulazwa mara ya nne kwa pumu, daktari aliweka kalamu mezani akasema, "Mtoto huyu anahitaji dawa, lakini anahitaji hewa zaidi. Kama mnaweza kuhama, hameni."

Wakahama. Waliuza vitanda viwili na kabati, wakaja kwenye mji huu mdogo ulioko kati ya ziwa na msitu, chini ya mlima. Ulikuwa mji wa kupendeza macho. Wageni walikuja na mabegi makubwa mgongoni, wakapanda mlima, wakapiga makasia ziwani, wakaendesha baiskeli kwenye njia za mawe mpaka nguo zao zikajaa tope, na walirudi wakicheka. Lakini kazi za kuwahudumia wageni hao zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Baba aliuliza hotelini. Aliuliza kwenye mitumbwi. Waongoza wageni walimwambia ni lazima azijue njia zote za mlima, naye hakujua hata moja. Mashine pekee ya uchapaji mjini pale ilikuwa ya kutoa nakala, nayo iliendeshwa na binti wa mwenye duka. Kila jioni baba alirudi mikono mitupu.

Kisha siku moja aliingia nyumbani akiwa amenyoosha mgongo. "Nimepata," alisema. "Stoo ya mahema, kule chini karibu na ziwa. Mtunza stoo."

Mama alikaa kitako sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kuanzia Jumatatu, baba aliondoka kila asubuhi akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, na kikopo cha chakula mkononi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, mwalimu wa sayansi alilipeleka darasa msituni kukusanya majani ya aina mbalimbali. Walipanda kwa mstari, wakipiga soga. Kwenye kona ya tatu ya njia, Wino alimwona mtu ameketi juu ya jiwe, amevua viatu, anakula mkate kutoka kwenye kikopo. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Tazama mgeni yule," msichana aliyekuwa nyuma yake alinong'ona. "Kaja msituni na shati la ofisini!"

Watoto walicheka. Wino alipigwa na butwaa. Baba aliinua macho, wakatazamana, kisha baba akayashusha macho yake kwenye mkate. Wino alipita. Majani aliyoyachuma siku ile yote yalikuwa ya mti mmoja, na mwalimu alimgombeza.

Shule ilipoisha, baba alikuwa akimsubiri kwenye njia iliyo chini ya uwanja wa mpira.

"Umeniona," alisema.

"Nimekuona, baba."

Walianza kutembea. "Mwenye stoo aliniambia nirudi Jumatatu nianze," baba alisema. "Nikamwambia mama yako nimepata. Jumatatu nilipofika, kazi alikuwa amepewa mpwa wake. Wewe uliiona furaha ya mama yako, Wino. Ningeanzia wapi?"

"Sasa unakaa msituni kila siku?"

"Asubuhi nazunguka kuuliza kazi. Nikichoka, ndiyo napanda kule ambako hakuna anayenijua." Alisimama, akamshika bega. "Nipe wiki mbili tu. Nitapata kitu. Usimwambie mama yako."

Wino aliitikia kwa kichwa. Hakuwahi kumsikia baba yake akimwomba kitu kwa sauti ile.

Jioni hiyo mama alikiokota kiatu cha baba mlangoni akakigeuza chini juu. "Mtunza stoo wa aina gani huyu? Viatu vimejaa tope la msituni kama vya mwindaji."

Wino aliona uso wa baba unamshuka, na kabla hajafikiri, ulimi ulikuwa umeshatangulia.

"Nimemwona leo, mama, tulipokwenda na mwalimu. Alikuwa anashusha mahema kwenye gari la stoo. Gari jeupe."

Baba alikohoa. "Ndiyo," alisema taratibu. "Tunayapeleka juu kwa wageni."

"Kumbe mna gari!" Mama alikiweka kiatu chini, uso umemng'aa. "Afadhali. Siku Babu akizidiwa, tuna pa kukimbilia."

"Lipo," baba alisema, bila kumtazama mtu.

Tangu hapo gari lile likawa la Babu. Kila siku aliuliza habari zake. Lina honi? Lina honi, Wino alijibu, inalia mara mbili. Lina taa za mbele? Mbili, kubwa. Dereva ni nani? Ni mzee mmoja mnene, anapenda peremende. Babu alicheka, na Wino alicheka naye, ingawa kila alipomaliza kulisimulia alitafuta sababu ya kutoka nje. Hata chakula kilianza kumshinda.

Jumamosi moja adhuhuri, jirani alichoma takataka nyuma ya ua. Mama alikimbia kufunga madirisha, lakini moshi ulikuwa umeshaingia. Babu alianza kukohoa. Kikohozi kikageuka mluzi, na mluzi ukawa mwembamba, mpaka mabega ya mtoto yakawa yanapanda na kushuka kwa kila pumzi. Mama alichukua pampu ya dawa, akaitikisa, akaibonyeza mdomoni mwa Babu. Haikutoa kitu. Akaibonyeza tena. Ilikuwa imekwisha.

Zahanati ilikuwa upande wa pili wa mji, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

"Kimbia stoo," mama alisema. "Mwambie baba yako aje na gari sasa hivi. Mimi namwandaa mtoto."

Wino alitoka mbio. Alipofika kwenye njia panda, akasita. Upande mmoja njia ilishuka ziwani, kwenye stoo ambayo haikuwa na baba wala gari. Upande mwingine ilipanda msituni, ambako huenda baba alikuwepo, na huenda hakuwepo, na hata angekuwepo, hakuwa na gari. Alisimama pale akitazama huku na huku. Akifika stoo atasema nini? Akimwambia mama ukweli, baba atauweka wapi uso wake? Hakujua alisimama muda gani. Alichojua ni kwamba kila pumzi aliyoivuta yeye kwa urahisi, Babu alikuwa akiipigania.

Akageuka, akarudi kwa mbio zaidi kuliko alivyokuja.

Mama alikuwa mlangoni, Babu amefungwa mgongoni kwa shuka, mfuko uko miguuni. Alikuwa amenyoosha shingo akiitazama barabara.

"Gari liko wapi?"

"Hakuna gari, mama." Wino alikuwa akihema. "Halijawahi kuwepo. Nililitunga mimi. Na baba hana kazi. Stoo walimpa mtu mwingine."

Mama alimtazama mara moja tu. Hakupiga kelele. "Beba mfuko," alisema, akaanza kukimbia.

Walikimbia kwenye barabara ya mawe, mama mbele, Wino nyuma, na mbele ya macho yake midomo ya Babu ilikuwa ikibadilika rangi. Karibu na daraja walikutana na mwanamke akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu iliyojaa maturubai. Watu wa mji walimwita Fundi Turubai, kwa sababu alishona mahema yaliyochanika. Alimwona mtoto, akafunga breki, akaanza kutupa maturubai yake chini barabarani.

"Panda, dada! Maswali baadaye! Wewe binti, sukuma!"

Mama akapanda na Babu. Fundi Turubai akakanyaga, na Wino akasukuma kwa nguvu zake zote mpaka zahanati.

Muuguzi alimchukua Babu bila kuuliza jina. Walimwekea barakoa ya hewa usoni, wakamchoma sindano. Wino na mama walikaa kwenye benchi la mbao wakisikiliza mluzi ule nyuma ya pazia. Baadaye sana ulianza kupungua. Muuguzi alitoka akifuta mikono.

"Atapona," alisema. "Lakini mngechelewa kidogo tu..."

Wino alilia bila sauti. Mama alimvuta akamkalisha karibu yake.

Jua lilikuwa linainama baba alipoingia akikimbia. Jirani alikuwa amemweleza. Alisimama katikati ya chumba, kikopo mkononi, akatazama pazia, kisha mke wake.

"Anapumua," mama alisema. "Keti."

Baba hakuketi. "Nisamehe," alisema. "Niliona aibu. Mtu mzima mwenye mke na watoto, sina mbele wala nyuma..."

"Kukosa kazi hakujaniumiza, mume wangu. Nimeolewa na wewe, sikuolewa na mashine ya kuchapia." Sauti ya mama ilikuwa ya chini, lakini ilitetemeka. "Kilichoniumiza ni kwamba nilisimama mlangoni na mtoto anayekata pumzi mgongoni, nikisubiri gari ambalo halipo. Ningejua hatuna gari, ningekuwa nimeshafika darajani."

"Gari ni langu, mama," Wino alisema. "Baba hakulitaja kabla yangu."

"Najua. Wewe ulilitunga, na baba yako akaliacha litembee."

Baba aliketi chini sakafuni, mgongo ukutani, akajifunika uso kwa mikono. Wino hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alitamani asingeona.

Babu alilala zahanati siku mbili. Siku aliyorudi nyumbani, familia ilikaa mezani na kwa mara ya kwanza ilizungumza mambo kama yalivyo. Mama alikuwa ameshamwendea Fundi Turubai, kwanza kumsaidia kuosha maturubai yaliyochafuka barabarani, kisha kumwonyesha mshono wake. Kule walikotoka alikuwa akishona sare za shule, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Fundi alimwambia aanze mara moja, ila kazi ni ya msimu na haiwezi kuwatosha watu wanne. Baba naye alimpigia simu bwana mkubwa wa kiwanda cha uchapaji alikokuwa akifanya kazi. Nafasi yake haikuwa imejazwa.

Hakuna aliyetaka kulisema lililofuata, kwa hiyo mama akalisema. "Babu hawezi kurudi kwenye vumbi lile. Na sisi hatuwezi kula hewa. Wewe rudi kazini, sisi tubaki."

"Mpaka lini?" Wino aliuliza.

"Sijui, mwanangu," baba alisema. "Nitakuja kila mwisho wa mwezi. Ningeweza kukuambia ni kwa muda mfupi tu, lakini sijui."

Wiki mbili baadaye walimsindikiza kituo cha basi. Babu alikuwa na nguvu, anarukaruka juu ya ukingo wa barabara. Baba alimbeba, akambusu, akampa mama mkono, kisha akashindwa kuuachia. Mwishowe alichutama mbele ya Wino.

"Nilikutwika mzigo usio wako," alisema. "Mtoto hatakiwi kubeba uongo wa mtu mzima, hata kama mtu mzima huyo ni baba yake. Nilidhani nawakinga, kumbe nilikuwa nawafunga macho. Sikiliza. Mtu yeyote akikuomba unyamaze juu ya jambo linaloweza kumdhuru mwenzako, mkatalie. Hata ikiwa ni mimi, nikatalie. Nitakasirika, halafu nitakushukuru."

"Sawa, baba."

"Na siku ile ulirudi mbio ukasema kweli. Ulichelewa, lakini ulirudi. Mdogo wako yuko hai kwa sababu hiyo. Hilo nalo usilisahau."

Kondakta alipiga mlango wa basi kwa kiganja. Baba alipanda. Waliona mkono wake dirishani mpaka basi lilipokata kona ya ziwa, na hata baada ya hapo Babu aliendelea kupunga.

Walianza kurudi, Babu katikati. Mama aligeuka kumtazama Wino.

"Unalia?"

Wino alikuwa ameshaandaa jibu, kwamba ni vumbi la basi limemwingia machoni. Akalimeza.

"Ndiyo, mama. Nalia."

"Na mimi pia," mama alisema, akamshika mkono. Wakapanda kilima pamoja, wakilia waziwazi, huku Babu akiwauliza kwa nini hawaendi haraka.