Mji Usio na Ukuta

Harufu ya nyasi zilizoungua ilianzia kwenye kabati la sahani. Kitinda alilifungua asubuhi atoe vikombe, harufu ikampiga usoni. Akatazama jiko; lilikuwa baridi. Akatoa sahani zote, akazisuuza upya, akapangusa mbao kwa kitambaa. Alipotaka kuzirudisha, akaona unyayo. Ulikuwa wa jivu, mdogo kuliko kucha ya kidole gumba, na ulielekea ndani, kwenye kona yenye giza.

"Panya," akajiambia, ingawa hajawahi kuona panya mwenye kisigino.

Aliitwa Kitinda kwa sababu alikuwa wa mwisho kuzaliwa kwao. Shule aliikatisha mama yao alipofariki, akahamia kwa kaka yake, fundi wa kompyuta. Chumba cha mbele kilikuwa karakana: skrini zilizopasuka, nyaya, kopo la skrubu, harufu ya risasi ya kulehemu. Kitinda alisafisha kibodi kwa mswaki na kufunga vifuniko. Jikoni walipokezana na wifi yake, lakini siku hizi wifi hakuruhusiwa hata kuinua ndoo. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla hazijaonekana. Hii ya tatu ilikuwa imekaa, ikakua, na nepi zilikuwa zimekunjwa tayari juu ya sanduku. Nyumba nzima ilitembea kwa kunyata kwa ajili yake.

Kaka ndiye pekee aliyekuwa hana habari na kunyata. Wateja walimwita Jemedari kwa sababu ya gemu. Kuna mteja alileta kompyuta, mkono umefungwa bandeji, akasema, "Futa kila kitu. Usifungue chochote." Akaondoka, hakurudi. Jemedari akafungua. Ndani akakuta gemu moja tu, lile la kujenga dola: unaanza na kijiji kimoja kwenye ramani kubwa, unacheza zamu yako, unabonyeza kitufe cha kumaliza, kisha jirani naye anacheza yake.

"Njoo uone, Kitinda. Huyu jirani bado amelala usingizi wa pono."

"Kaka, si uliambiwa ufute?"

"Nitafuta. Mwenyewe hata simu hapokei. Acha nimalizane na huyu kwanza." Alivuta kiti. "Watu wengi wakianza wanajenga. Ghala, hekalu, ukuta. Ujinga mtupu! Mimi natoa askari tu, tangu zamu ya kwanza. Unaanza na jirani wa karibu kuliko wote, unamwingilia kabla hajasimamisha hata ukuta. Akija kushtuka, umeshakaa sebuleni kwake."

"Na nyumbani kwako anabaki nani?"

"Wa nini? Nani wa kunivamia?"

Kwenye skrini askari wake wakaingia kwenye mji mdogo wa rangi ya kijivu. Swali likatokea kwa lugha ya kigeni, kama kawaida ya magemu: auweke mji au auchome? Jemedari hakusoma hata. Akachoma.

"Mbona hukuuweka?"

"Mji mdogo ni mzigo. Unakula, unalia, unataka ulinzi. Choma, songa mbele."

Miali midogo ikawaka kwenye ramani. Na nyuma yao, jikoni, ndani ya kabati la sahani, mtu akakohoa.

Tangu siku hiyo kila mji ulioungua ulileta wageni. Nyayo za jivu zilitapakaa chini ya meza, kisha nyuma ya mtungi, kisha juu ya nepi. Darini kulisikika vishindo vya watu wakitua mizigo. Kitinda akipiga deki mchana kweupe, alimsikia mwanamke akibembeleza mtoto ndani ya ukuta, kwa maneno asiyoyajua, kwa sauti ya kuchoka ambayo aliijua vizuri sana.

"Wifi," mke wa kaka alimnong'oneza siku moja, akimshika kanga, "usimwambie kaka yako, atanicheka. Nikijilaza, kuna watu wanalala kati yangu na ukuta. Wanajibana. Kama hawana pengine."

"Wanakugusa?"

"Wananigusa tumbo. Wanalipapasa kama mtu anayepima kiwanja."

Kitinda alikwenda moja kwa moja karakana. Alimkuta Jemedari ameiachia mausi, mikono mapajani kama mwanafunzi aliyekosea. Lugha ya kigeni ilikuwa imefutika kwenye skrini. Kulikuwa na maneno ya Kiswahili, bila hata alama ya mshangao: *Tumejifunza kwako. Zamu yetu ikifika tutaanza na mji mchanga.*

Chini yake, pembeni mwa mji mkuu wa Jemedari, palikuwa na mji mpya. Hakuujenga yeye. Ulikuwa mdogo, wa mviringo, hauna ukuta, hauna askari, na jina lake halijaandikwa. Kuuzunguka pande zote walisimama watu wa rangi ya jivu wenye mikuki. Majeshi yake yote yalikuwa upande wa pili wa ramani.

"Zima, kaka."

"Nimezima."

"Basi chomoa."

Akanyanyua mkono. Waya ulikuwa umeshachomolewa, ameuviringisha kiganjani. Skrini iliendelea kuwaka.

"Sitabonyeza," akasema, na kwa mara ya kwanza alinong'ona. "Nisipomaliza zamu, hawawezi kusogea. Ndiyo sheria ya gemu."

Na kweli, nyumba ikanyamaza. Kikohozi kikaisha, vishindo vikaisha. Wakapumua. Wifi akalala usingizi. Lakini mwezi wa kujifungua ukafika ukapita, na tumbo likabaki vilevile. Nesi wa kliniki alisikiliza moyo wa mtoto akasema unapiga, akacheka kidogo: "Mama, tarehe umekosea wewe." Safari iliyofuata hakucheka. Hospitalini wakamtundikia dripu ya kuanzisha uchungu. Tone likajikusanya kwenye ncha ya mrija, likavimba, likaning'inia, halikudondoka. Wakabadilisha mrija, tone likaning'inia. Wakampeleka chumba cha upasuaji. Daktari akatoka na kisu kisafi mkononi, jasho linamtiririka, akasema ngozi haipokei chuma. "Mrudisheni nyumbani," akasema, akitazama pembeni. "Mtafute watu wenu."

Wifi alirudi midomo imepauka, miguu imejaa maji. Alikuwa anakwisha, na mtoto akimpiga teke ndani.

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mnene mwenye kandambili za rangi mbili tofauti, mcheshi kupita kiasi. "Jini gani anakaa kwa fundi, anatafuta chaja?" aliuliza mlangoni. Kisha akaingia, akaweka sikio ukutani, na utani ukamwisha. Jemedari alipomletea chetezo, alimpiga mkono kikaanguka.

"Moshi? Watu hawa unawafukizia moshi? Wametoka kwenye moshi!"

"Watoe, bibi, tafadhali."

"Mimi natoa mvamizi. Hapa sijamwona, labda nikutoe wewe." Akasikiliza tena, macho amefumba. "Walikuwa na nyumba. Wana watoto. Ulipokuwa unachoma, ulidhani yale yanayolia ni nini?"

Jemedari akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, mbele ya kabati la sahani, akasema hakujua, akasema ni gemu tu, akasema atawapa chochote. Mlango wa kabati ukafunguka kidogo. Sauti nyingi nyembamba zikajibu pamoja, kwa lafudhi yake yeye mwenyewe, "Mji mdogo ni mzigo."

Mganga alikwenda zake bila kuaga. Kandambili moja aliiacha mlangoni.

"Nijenge ukuta," Jemedari alipayuka, akikimbilia skrini. "Kabla sijabonyeza, naamuru wajenge ukuta." Akatafuta, akabofya, akatulia. Ukuta ulihitaji zamu nyingi. Waliokuwa wamesimama na mikuki walihitaji moja.

Kutoka chumbani wifi akaita, sauti kama uzi. "Kitinda. Bonyeza wewe. Kaka yako hawezi."

"Wifi, wataingia."

"Na mtoto asipotoka?"

Kitinda akamtazama kaka yake. Jemedari alikuwa amejifunika uso. Basi akanyoosha kidole kilekile alichosafishia kibodi za watu, akabonyeza, na papo hapo nyumba nzima ikapumua, na kutoka kabatini na darini na chini ya meza na ndani ya kila ukuta wakatoka, hakuwaona ila alihisi upepo wa moto wa kupita kwao, wazee wakikohoa na watoto wakiburutwa mikono na wanawake wamebeba vyungu vilivyokuwa bado vinanuka masizi, wote wakielekea upande mmoja, kwenye chumba cha wifi, na kwenye skrini watu wa jivu wakapiga hatua moja tu wakawa ndani ya ule mji mdogo, na wifi akapiga yowe maana chupa ilikuwa imepasuka.

Swali likatokea. *Tuuweke au tuuchome?*

Hawakuulizwa wao. Mshale wa mausi ulisogea wenyewe, polepole, ukasimama kwenye kuchoma. Ukakaa hapo. Chumbani yowe likapanda, likakatika.

Kitinda akajikuta ameweka viganja vyote viwili juu ya skrini ya moto, anaomba kama hajawahi kuomba. "Uwekeni," alisema. "Tafadhali. Kaeni ndani yake. Kaeni."

Mshale ukasogea. Skrini ikazimika, na mtoto akalia, mara moja tu.

Ni msichana, mnene, mzuri. Nesi alimsifu, akasema hajapata kuona mtoto mtulivu namna hii. Wifi yu hai; anamnyonyesha huku akitazama ukutani, na hajawahi kumbusu utosini, maana utosi wake unanuka nyasi zilizoungua. Jemedari amefunga karakana. Kutwa anajenga ukuta kuizunguka nyumba, tofali juu ya tofali, majirani wanamcheka, wanamuuliza anamzuia nani. Anaongeza tofali.

Jana Kitinda alimwogesha mtoto, akamfunga taulo, akamlaza kifuani. Akasikia moyo wake mdogo ukipiga. Nyuma ya moyo akasikia milango, vyungu, mama akibembeleza. Hayo alishayazoea, na alianza hata kuwaonea huruma.

Kisha akasikia kipya. Akasogeza sikio. Mle ndani, taratibu, kwa mpango, chuma kilikuwa kinanolewa juu ya jiwe. Mji ule ulikuwa umeanza kutoa askari.

Mtoto akafumbua macho, akamtazama shangazi yake aliyembeba, jirani wa karibu kuliko wote.