Herufi za Pandikizi

Ukuta wa sebule ulisikia moyo wa mtu mmoja aliyekunja uso ukienda mbio, na papo hapo ukaandika: HAKUNA HATARI.

Herufi zilitanda toka mlangoni hadi dirishani, nene, pana, hazina mikia wala madoido. U imepigwa kwa bikari, H imekaa kama kitanda cha sita kwa sita. Hiyo ndiyo kazi ya ukutasemi: rangi hai iliyopakwa juu yake husikiliza mapigo ya moyo ya kila aliyemo chumbani, na moyo ukienda mbio, herufi hutanuka mpaka utulie. Tanga Mpya nzima iliishi hivyo. Aliyezichora, akaziita Pandikizi, ni Kibibi Shekivuli, na ndiye huyo aliyekunja uso. Alisikia harufu ya nyaya zinazoungua darini.

"Shangazi, tutoke. Juu kunaungua."

Wanawake walijaa hadi huna pa kuweka kisigino. Katikati yao alikaa mwali, Nuru, kafunikwa kanga, hina haijakauka miguuni. Harusi ni kesho, na mwali haonwi na wanaume mpaka siku yake.

Shangazi Mwanamvua, mama wa mwali, hakugeuza hata shingo. "Ukuta unasemaje?"

"Ukuta haupimi moto, shangazi. Unapima hofu zetu, ututulize."

"Herufi zilizotulia vile, ziseme uongo?"

"Nimezichora mimi."

"Basi ndiyo naziamini zaidi. Damu yangu hiyo."

Wakacheka. "Mwacheni," akasema jirani mmoja, "aliyeachika harusi za wenzake humwasha."

Kibibi akachovya kidole kwenye hina, akaandika ukutani: TUTOKE. Vijistari vyembamba, vimepinda.

"Mwandiko wa kuku huo," jirani akasema, na ukutasemi ukaufuta.

Dari likaanza kuvimba. Kibibi alitazama zile nyuso tulivu, akajua moto hautawainua. Aibu je? Akamkwapua mwali, akamburuta ngazini, kanga ikabaki sakafuni.

"Mwali katolewa kichwa wazi, jamani!" mmoja wao akapiga ukelele. Hapo sebule nzima ikasimama. Walishuka wote, viatu mkononi, wakimlaani.

Nje, wanaume waliokuwa wakipika pilau walifunika macho. Moshi mweusi ukamwagika dirishani. Shangazi akauona, akashika mdomo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa, na Kibibi akashusha pumzi.

Lakini ukuta wa nyumba ya mkabala, wenye urefu wa ghorofa nne, nao ulizisikia zile nyoyo, ukaandika. Kibibi alikuwa ameupa mgongo. Aliona tu mabega ya wanawake yakishuka, mmoja baada ya mwingine.

"Haya, mwali arudishwe ndani," shangazi alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. "Kibibi mwanangu, tupishe."

Kibibi alijibanza mlangoni, mikono kaishikilia miimo miwili, joto likimchoma mgongo. Alifumba macho. Alizijua herufi zake. Kwa ukubwa ule, akizisoma na yeye, atapisha.