Marimba ya Marehemu Hermógenes

Haya yalimpata rafiki yangu Eladio, hapa hapa Guapi, mji wetu wa mtoni huku Kolombia. Alikuwa akijifunza kuandika amri za kompyuta, ili kila akibonyeza kinanda alichokiunganisha nayo ilie sauti ya marimba aliyoirekodi. Marimba yenyewe ilikuwa ya marehemu Hermógenes, na bintiye, Nasly, hakuombwa ruhusa.

Mchana mmoja Nasly akaingia akifoka chumbani kwa Eladio, katika nyumba ya nguzo iliyojengwa juu ya mto. “Mwizi we! Matanga hayajaisha, ushamtia baba kwenye kompyuta! Futa!”

“Dada, ndiyo kwanza najifunza…”

“Futa, nimesema!”

Eladio akafuta sauti zote kwa hasira. Papo hapo umeme ukakatika. Chumba, kilichozibwa madirisha kwa magodoro ili kelele za nje zisiingie akirekodi, kikawa giza totoro.

Nasly akakibamiza kinanda ngumi. “Haya, lia sasa!”

Marimba ikalia, taratibu, chini ya sakafu, ndani ya maji ya mto.