Jina la Mchezaji wa Pili

Jua lilikuwa linazama nilipoteremka kwenye lori lililokuwa likipanda Mgeta kufuata kabichi. Begani nilikuwa na kompyuta yangu. Nilikuwa namwendea rafiki yangu Deogratias, mwalimu wa hesabu. Kila mwezi tulikutana kupambanisha programu za chesi. Hatuchezi wenyewe. Unaweka programu yako, mwenzako anaweka yake, zinachezeana michezo arobaini, nanyi mnatazama ipi kali.

Deo alinifungulia bila kutabasamu. Nyuma ya pazia mkewe, Rosa, alikuwa akikohoa.

"Bado?" niliuliza.

"Daktari kasema nimrudishe tu nyumbani."

Akaunganisha kompyuta zetu kwa waya. Programu yake ilikuwa mpya, kapewa na mzee mmoja wa Matombo. Kwenye skrini alishaipa jina: ROSA.

"Yangu niiiteje?"

"Iite Nasra," alisema polepole. "Wake zetu wachezeane."

Nikacheka. Nikaandika jina la mke wangu.

Mchezo wa kwanza, Nasra akashindwa. Wa pili, akashindwa. Wa tatu… Programu yangu haikuwahi kupigwa hivyo. Kete zilisogea zenyewe kwenye skrini, tik… tik… na kutoka kwenye feni ya kompyuta ikaanza kuja harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

Kufika wa kumi na moja, nikagundua kuna kitu sikisikii.

Rosa alikuwa ameacha kukohoa.

Mchezo wa kumi na tisa pazia likasogea. Rosa alisimama pale, mashavu yamejaa. Mwanamke aliyekuwa hanyanyuki kitandani kwa wiki tatu.

"Baba, nina njaa," alimwambia mumewe, akapita kwenda jikoni.

Simu yangu ikaita. Dada yangu Chausiku, kutoka mjini.

"Rudi, kaka. Nasra kaanguka. Anakohoa… damu."

Nikamtazama Deo. Hakuinua macho.

"Zima," nilinong'ona.

"Ukizima sasa, Nasra atabaki hivyo hivyo alivyo."

"Ulijua?"

"Nilijaribu kwanza kwa mama yangu. Lazima ujaribu kwanza, Luqmani. Ungepataje uhakika?"

Mama yake tulimzika mwezi wa tatu. Nilibeba jeneza.

Nikairukia kompyuta. Akanishika mkono, nikamsukuma ukutani. Nikafuta jina la Nasra, lakini kisanduku hakikukubali kubaki kitupu. Nikaandika DEOGRATIAS. Kikakataa. Nikaandika langu. Kikakataa.

"Sisi tunaochezesha hatuandikiki," alisema, anajipangusa damu mdomoni. "Unadhani langu sikulijaribu? Imebaki michezo kumi na minane. Andika mtu abebe ya Nasra."

Tik… tik…

Nikaandika KIBWANA.

Ni jirani yangu, mzee muuza mkaa. Hajawahi kunikosea. Jina lake ndilo lililokuja.

Kisha nikakaa. Ningeweza kutoka nje nisione. Nilikaa kando ya Deo, tukautazama mchezo mmoja baada ya mwingine hadi wa arobaini, na kila Kibwana aliposhindwa nilipumua vizuri zaidi. Jikoni tulimsikia Rosa akikwangua sufuria.

Nilifika mjini alfajiri. Nasra alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji. Msibani kwa mzee Kibwana watu walishaanza kukusanyika. Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Mwili wake ulinuka udongo kabla hatujaufikisha kaburini.

Siku ya nne mjane wake, bi Mwanahawa, akaja mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikataa kiti. "Mzee wangu alikufa anahesabu. Alianzia ishirini na tatu. Ishirini na nne… Kila namba anajikunja kama kapigwa tumboni. Nilimsihi anyamaze."

"Alipofika arobaini akafumbua macho. Akasema wewe ulikuwa umekaa pale, jina lake umeliandika mbele yako, unamtazama muda wote, na hukusema kitu."

Ndani, Nasra alikuwa akiosha vyombo, anaimba.

Bi Mwanahawa akasogea, akashusha sauti.

"Usiku ule ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Mgeta," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akachungulia ndani, upande ule ulikotoka wimbo.

"Na huyu," aliuliza, "jina lake kamili nani?"