Mikono ya Vihra na Roho ya Stamen

"Vihra ndiye nani?"

Vihra aligeuka, simu ikiwa bado sikioni. Alikuwa anampigia mumewe ili wajue simu yake imepotelea wapi humo ndani. Ilikuwa chini ya mto wa kiti. Stamen ameishika sasa, anasoma jina kwenye kioo.

"Stamen, acha utani."

"Sifanyi utani. Imeandikwa 'Vihra wangu'. Nani kaandika?"

"Si wewe! Uliandika wewe mwenyewe!"

Akaitazama simu, akamtazama mkewe, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kwenye ukungu. Kisha uso ukafunguka.

"Aaa! Ni wewe. Nisamehe, mke wangu. Mawe ya leo yamenichosha."

Stamen alikuwa mwashi, na kuta nyingi za Vranino, kijiji kilichoning'inia ubavuni mwa milima ya Rodope, zilitoka mikononi mwake. Hakuwa mzee, hakuwa mlevi. Lakini alishasahau siku ya harusi yao. Juzi mbele ya wageni alimwita mkewe "dada". Na kila Alhamisi alipanda mlimani peke yake, akarudi amepauka, chakula hataki.

Vihra alikuwa na jibu moja tu: mume wangu ana mwanamke.

Kumfuatilia hakupata nafasi, maana ua wake haukukaukiwa na wagonjwa. Walitoka mji wa Plovdiv, walitoka hadi mpakani na Ugiriki. Akiweka mikono juu ya mtu, ugonjwa unatoka. Wote walisema kipaji hicho amerithi kwa marehemu mama yake. Wote isipokuwa mama mkwe, Bibi Tonka, aliyekaa chumba cha chini na hakugusa chakula cha mkwewe.

"Ponya, ponya tu," Bibi Tonka alisema siku hiyo akipita na ndoo ya maziwa. "Mle mwanangu mpaka mifupa."

"Mama, nimekukosea nini? Kila siku mwanangu, mwanangu! Nimemfanya nini huyo mwanao?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nimelishwa kiapo."

Alhamisi ilipofika, Vihra aliwaambia wagonjwa wasubiri, akajifunga kitambaa kichwani, akamfuata mumewe kwa mbali. Njiani akamtumia ujumbe:

"Uko wapi?"

Jibu likaja: "Nipo kazini, ukuta wa kanisa. Nitachelewa."

Na mgongo wake huo hapo mbele, unapanda kilima!

"Mwongo mkubwa we," Vihra alinong'ona, machozi yanamtoka. "Leo huyo malaya wako nitamng'oa nywele."

Juu kulikuwa na pango; Stamen akaingia, Vihra nyuma yake. Hapakuwa na mwanamke. Mumewe alikuwa amepiga magoti, kofia mkononi, mbele ya kidimbwi cha maji meusi.

Watu wa Vranino walikuwa na kanisa na msalaba, lakini hakuna aliyepita pango lile bila kutupa kipande cha mkate. Humo alikaa Yule wa Chini, mungu aliyekuwapo kabla ya kanisa, na jina lake halikutajwa.

Sauti ikatoka majini. Vihra akaijua mara moja: ilikuwa sauti ya Stamen mwenyewe, ya ujanani:

"Vihra, mimi sina mali wala maneno. Nina hii mikono tu. Nikikujengea nyumba, utakubali kukaa na mimi humo ndani?"

Akatoka mafichoni.

"Stamen!"

Mumewe akaruka. "Umefuata nini huku? Rudi nyumbani!"

"Nani huyo anayesema maneno yetu?"

"Maneno gani?"

"Uliyoniambia siku ya kunichumbia!"

"Siyajui hayo maneno, Vihra," Stamen alisema, na hakuwa anadanganya.

Majini kikapita kicheko.

"Mwache asikie," ilisema sauti, safari hii nzito, si ya mtu yeyote. "Binti, mama yako alikufa na uganga wake. Hakukuachia kitu. Umemsahau yule mtoto wa mchunga kondoo?"

Angemsahau vipi? Alimfia mikononi alipojaribu kumponya. Baada ya hapo Vihra alilala ameelekea ukutani, hali, hasemi, mpaka asubuhi moja akatoka kwenda kujitupa gengeni. Stamen alimuwahi, akamvuta kwa aproni.

"Mumeo alikuja hapa analia," Yule wa Chini aliendelea. "Akaniomba: mpe mke wangu uganga wa mama yake, asije akajiua. Nikamwambia uganga hautoki hewani, unatoka kwenye roho za watu. Akasema, chukua yangu. Mimi si mchoyo, sikuichukua yote. Nakula pale ulipokaa wewe tu. Kila ukimponya mtu, nakata kipande."

Vihra akamgeukia mumewe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Halafu ungerudi gengeni." Stamen alikuwa anaikunjakunja kofia. "Vihra, niliona umeanza kula. Unacheka. Watu wakikuita unaitika. Nikasema basi, na vikinitoka vinitoke."

"Na kila Alhamisi unakuja kufanya nini?"

"Kusikiliza." Akainamisha kichwa. "Huwa ananisimulia vile vipande alivyovichukua. Nikifika nyumbani vimeshapotea tena. Lakini nikiwa hapa najua nilikuwa na kitu kizuri."

Vihra akaanguka kando ya dimbwi. "Mrudishie! Kula yangu!"

"Roho ya mganga ni mfereji, nguvu inapita tu, sili huko. Na nilichokula hakirudi. Kwa mumeo kimebaki kipande kimoja. Kikiisha, tumemalizana, na mikono yako itakuwa kama ya mtu yeyote."

Siku ile ile Vihra alifunga lango. Wagonjwa walibisha, wakalia, wengine wakamtukana. Simu ikajaa ujumbe: "Dada Vihra, tuko njiani na baba, usitufungie." Aliwajibu wote jibu moja: "Nisameheni. Mikono yangu imekufa." Kisha alijifungia chumbani akalia, kwa sababu aliwajua kwa majina.

Jioni akamuuliza mumewe, kwa woga:

"Hicho kimoja kilichobaki ni kipi?"

Stamen akatabasamu. "Umekwama kwenye tope, kando ya shamba la viazi. Kiatu kimoja kimezama. Unatukana kama dereva wa lori. Nikakuvuta, ukanikasirikia kwa sababu nilicheka."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Lakini ni zuri sana."

Wakaishi na hilo. Kiangazi kizima Vihra alimwomba amsimulie, na kila mara Stamen alicheka pale pale. Bibi Tonka naye alipanda ngazi na mkate wa jibini, akaketi mezani kwao.

"Nilikuchukia bure," alisema.

"Ulikuwa na haki, mama."

"Haki gani? Nilijua, nikanyamaza. Kiapo ni kiapo, lakini mdomo si ulikuwa wangu?"

Mvua zilipoanza, watu walikimbilia kukusanya nyasi kavu kabla hazijaoza. Vihra alikuwa anakanda unga simu ilipoita. Alikuwa Stamen.

"Vihra! Njoo konde la juu! Mama kaumwa na nyoka!"

"Umewapigia hospitali?"

"Mlima umeporomokea barabara, gari halipiti. Na helikopta haiwezi kuruka kwenye ukungu huu. Vihra, mguu umekuwa mweusi!"

Alikimbia na unga mikononi. Alimkuta Bibi Tonka amelala juu ya nyasi, midomo ya bluu, kichwa kwenye mapaja ya mwanawe. Alipomwona mkwewe akainua mkono kumzuia.

"Usiniguse!"

"Mama, tulia."

"Ukinigusa sikusamehe! Mimi nimeshaishi. Nimezika mume, nimezika na meno yote, nimebakiwa na nini? Mwachie mwanangu hicho kimoja!"

Vihra akamtazama Stamen. Alikuwa analia bila sauti. Hakumwomba. Angemwomba, labda Vihra angemchukia kidogo, na ingekuwa nafuu.

"Sema unataka nini," Vihra alisema.

"Usiniulize hilo."

"Ni mama yako, Stamen."

"Na wewe mke wangu. Nakujua kwa lile tope tu, lakini nakujua."

Bibi Tonka alianza kukoroma, pumzi zinakatika. Vihra akapiga magoti.

"Nisimulie basi. Mara moja tena."

"Vihra..."

"Nisimulie, mpenzi wangu. Nataka nisikie."

Stamen akafuta uso kwa kiganja. "Umekwama kwenye tope. Kando ya shamba la viazi."

Vihra akaweka mikono juu ya mguu ule mweusi. Joto likampita kutoka mabegani.

"Kiatu kimoja kimezama. Unatukana kama dereva wa lori. Mimi nikaku..." Akasita. "Nikaku..."

Mguu ukarudi rangi yake. Bibi Tonka akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho. Stamen akamtazama yule mwanamke mwenye unga mikononi, aliyepiga magoti mbele yake huku analia.

"Ahsante sana, bibi," alisema kwa heshima. "Umemwokoa mama yangu. Umetokea kijiji gani?"

Bibi Tonka akapiga ukunga, kama wanavyopiga wafiwa.

Walijaribu. Bibi Tonka alimwonyesha mwanawe picha za harusi. "Kweli ni mimi," Stamen alisema. "Nilikuwa mwembamba." Alimwachia Vihra chumba, yeye akahamia kibanda cha zana, kwa kuwa hakuona ni vizuri kulala na mtu asiyemjua. Wakikutana mlangoni anapisha: "Samahani, bibi, pita." Vihra alimsimulia kisa cha tope. Stamen alicheka vizuri, kama mtu anavyocheka kisa cha jirani, kisha akauliza kama kiatu kilipatikana.

Theluji ilipoyeyuka Vihra alifunga mzigo.

"Usiende," Bibi Tonka alimshika mkono. "Atakupenda upya. Mwanaume huyo huyo, mwanamke huyo huyo, kuna ugumu gani?"

"Mama, Yule wa Chini alikula pale nilipokaa. Si kumbukumbu tu, hata mahali penyewe hapapo. Kwa mwingine yeyote nafasi ipo. Kwangu haipo."

"Na wewe je? Wewe unakumbuka yote!"

"Mimi nakumbuka yote," Vihra alisema.

Talaka ilipita kimya; Stamen alisaini, kisha ikamtoka kichwani, maana lolote la Vihra kuwa mke wake halikushika. Stamen alimsindikiza hadi kituo cha basi, akambebea mzigo, akamtakia safari njema. Vihra akapanga chumba mjini Smolyan, akapata kazi ya kufua mashuka katika hoteli. Mtu akiumwa mbele yake alimwelekeza kwa daktari. Bibi Tonka hakuacha kumpigia kila Jumapili, wakizungumza juu ya mbuzi na bei za vitu na hali ya hewa, wakimzunguka Stamen kama watu wanaozunguka shimo.

Mpaka Jumapili moja Bibi Tonka hakutaja mbuzi wala bei.

"Mama? Kuna nini?"

"Mwanangu... Stamen anaoa."

Vihra akakaa juu ya mashuka.

"Anaitwa Radka, mjane wa kijiji cha bondeni. Si mtu mbaya. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa. Usije, sawa? Sitaki uumie."

"Nitakuja, mama."

"We mtoto una kichwa kigumu!"

"Nataka nimwone akiwa na furaha. Hilo tu ndilo nililobakiwa nalo."

Harusi ilifanyika uwanjani mbele ya kanisa. Vihra alivaa gauni la kijani, akasimama karibu na ukuta. Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyemwona, akamjia na glasi mbili za rakia, pombe kali ya matunda.

"Bibi Vihra! Umekuja! Mama anasema bila wewe nisingekuwa naye leo."

"Anatia chumvi."

"Hatii. Kunywa." Wakagonganisha glasi. Alikuwa amenenepa kidogo, na macho yake yalikuwa mepesi. "Na wewe una mume?"

"Nilikuwa naye."

"Pole sana. Alifariki?"

"Hapana, yupo. Alinipenda mpaka akamaliza."

Stamen akakunja uso.

"Mtu wa hivyo," alisema taratibu, "ama ni mjinga, ama ni mtu mzuri sana."

"Alikuwa vyote viwili."

Zumari la ngozi ya mbuzi likaanza kulia. Radka akamwita kwa mbali, mkono juu, anacheka. Stamen akainama kidogo kumuaga Vihra, kisha akakimbia kama kijana kwenda kwa bibi harusi wake.

Vihra alibaki na glasi mkononi mpaka alipohisi kiganja kigumu kimeshika chake. Bibi Tonka.

"Twende tukacheze."

"Siwezi, mama."

"Hata mimi siwezi, goti hili limekufa. Lakini tukisimama hapa na sura hizi watauliza. Nishike sawasawa."

Wakaingia kwenye duara la wachezaji, upande wa mbali na maharusi, mikono imeshikana. Duara likazunguka. Vihra akaimba na wengine, machozi yanamtiririka hadi kidevuni bila kuyafuta, na Bibi Tonka kando yake vivyo hivyo.

Shangazi mmoja wa Radka akawaona, akamgusa mwenzake.

"Waone wale wanavyolia kwa furaha. Yule wa kijani ni nani, binti yake?"

Bibi Tonka alisikia. Akageuka bila kuacha kucheza, akaukaza mkono wa Vihra.

"Ndiyo," alisema kwa nguvu. "Ni binti yangu."