Mwanamke wa Nyuma ya Jani

"Mama, huyu mwanamke nyuma ya jani ni nani?"

Mwalimu wa sayansi aliacha kusugua sufuria. Binti yake, asiyeona tangu akiwa mchanga, alikuwa mezani akisomewa na kompyuta maelezo ya picha za somo. Mwalimu akachungulia. Picha ilikuwa ya jani na mishipa yake, basi. Sauti ikarudia: "Jani la kijani. Nyuma yake amesimama mwanamke aliyelowa."

Maelezo hayo yaliandikwa na akili mnemba. Mwalimu ndiye aliyepewa kazi ya kuzieleza picha zote za kitabu, wasioona nao wapate kusoma. Akaiachia mashine iandike, yeye akabonyeza Kubali, Kubali, Kubali, bila kusoma hata neno. Nyanya za sokoni huzibinya moja moja, ila maneno ya kumlisha mwanawe hakuyaonja.

"Mashine imekosea, mwanangu. Ruka."

"Si hapo tu. Kwenye picha ya moyo alikuwa barabarani. Kwenye figo, ameshika pazia lenye kiraka."

Mwalimu aligeuka taratibu. Pazia lenye kiraka lilikuwa lao, na sakafu chini yake ilikuwa na maji.

Akayafuta maelezo, yakarudi. Akaizima kompyuta, sauti ikaendelea kunong'ona, na nyumba nzima ikanuka nywele mbichi. Mtoto akagoma kula. Mchana kutwa akawa anaijibu ile sauti, akicheka chini chini.

"Anakwambia nini?" mama aliuliza.

"Nikimfuata, nitaona."

Hapo ndipo alipokimbilia kwa mganga, bibi mmoja mwenye ulimi wa wembe. Bibi alipofika nyumbani kwao aliinusa kompyuta kama samaki wa jana.

"Jini haingii bila idhini. Umemkaribisha mara ngapi?"

"Bibi, mimi? Sijamkaribisha!"

"Kidole chako je? Sasa fanya kazi uliyoikwepa. Tazama kila picha, useme kilichopo kwa mdomo wako, mtoto asikie, ndipo uandike. Ukiacha hata moja, usiniite tena."

Mwalimu akaanza, jani ni jani, moyo ni moyo, na kila alipotamka ile harufu ilimsogelea kisogoni, matone yakamdondokea shingoni, naye akaendelea, figo, ini, mzizi, huku amemng'ang'ania mtoto kiunoni maana mtoto alikuwa akivutwa kuelekea mlangoni na kitu ambacho yeye mwenye macho hakukiona, akasema na kuandika na kulia na kusema, mpaka picha ya mwisho ya kitabu ilipokwisha na nyumba ikanyamaza kimya.

Sakafu ilikauka. Mtoto akaomba chakula. Mganga akaenda zake.

Mwalimu alikuwa akitoka jikoni na chakula aliposikia kompyuta ikisoma ile picha ndogo ya pembeni mwa skrini, ya mwanafunzi mwenyewe, iliyopo kila siku na hakuna aiangaliaye. Binti alipigwa picha ile peke yake.

"Msichana amekaa," ilisema sauti. "Mama yake amemshika bega."

Binti akatabasamu.

"Hii umeiandika vizuri, mama. Ila toa mkono, una baridi."

Mwalimu alikuwa bado mlangoni, ameshika sufuria kwa mikono miwili.